Wametoa ule ukanda wa mbele kwenye pampasi za watu wazima, na hakuna aliyetuambia

Mkazi_Kimara (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nauleta kwa wanaovaa pampasi za watu wazima na kwa wanaouguza watu wanaozivaa. Tupo wengi jijini kuliko inavyodhaniwa. Mahali pa kulizungumzia jambo hili hatuna. Dukani unaagiza kwa sauti ya chini na kuomba mfuko mweusi, hospitali wanakuuliza habari za kibofu tu, nyumbani kila mtu anakwepesha macho. Naomba tuongee hapa kwa heshima na bila kuona haya.

Uti wangu wa mgongo uliumia kwenye ajali. Natembea, nina kazi Posta, kila asubuhi napanda Mwendokasi kama watu wengine. Kibofu ndicho kilichobaki na shida: nikibanwa nahisi kwa mbali, kukizuia siwezi.

Kwa miaka kadhaa nimetumia aina moja. Jina silitaji, maana nimesikia aina nyingine nazo zimefanya hivyo hivyo, na ninachotaka tujadili ni kitu chenyewe. Ni zile za kubandika pembeni, gundi nne, mbili kila upande, ganda la nje la nailoni laini. Mbele, chini ya kitovu, zilikuwa na ukanda mpana uliopita kutoka nyonga hadi nyonga, mgumu kidogo kuliko ganda lenyewe. Gundi zilikuwa zinatua juu ya ukanda huo. Unabandua, unabandika tena, unabandua tena, na ganda halichaniki.

Asiyevaa ataona ni kitu kidogo. Mimi naivaa nikiwa nimelala, ndivyo inavyokaa vizuri. Nikisimama tumbo linashuka, kiuno kinabadilika, lazima nikaze upya gundi mbili za juu la sivyo mapajani kunabaki uwazi. Hapo nimeshabandua mara moja kabla sijatoka nyumbani. Kazini naenda chooni kwa saa, nikibanwa nisibanwe. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kwenye mazoezi: kibofu kizoeshwe ratiba. Nafungua, najisaidia, nafunga, narudi mezani. Siku nyingi pampasi ya asubuhi ilikuwa inafika jioni ikiwa kavu au imeloa kidogo tu. Ilikuwa ni kinga ya dharura, choo changu kilibaki kuwa choo.

Pakiti niliyofungua mwezi huu ina picha ile ile, rangi ile ile, saizi ile ile, na pembeni wameandika kwamba imeboreshwa. Nikaenda chooni kazini, nikavuta gundi ya kwanza. Ikaja na kipande cha ganda. Pamba ikatokeza, chembe za jeli zikamwagika kwenye kiatu na sakafuni. Nikaigeuza kwenye mwanga kuitazama: ukanda haupo. Pale ulipokuwa wamechapa maua mawili ya bluu.

Sasa nina njia mbili tu. Nikienda chooni kwa ratiba, kila safari inakula pampasi nzima, na mshahara wangu hauwezi. Nikiacha kwenda, najisaidia humo humo hadi jioni, na kazi yote ya kukizoesha kibofu inapotea. Yaani kwa kutoa kipande cha plastiki, kiwanda kimenirudisha nyuma kwenye matibabu.

Duka la dawa wakaniambia nichukue za kuvuta, zile za kuvaliwa kama chupi. Nilizijaribu zamani. Ukitaka kubadilisha lazima uvue viatu na suruali yote, na vyoo vyetu vingi sakafu ina maji muda wote. Unasimama kwa mguu mmoja, suruali begani, unashikilia ukuta. Kwa mtu mwenye mgongo kama wangu hiyo ni kuanguka. Kwa mwenye miguu mizima zinafaa sana, sizisemi vibaya.

Ninachouliza: je, kuna waliokutana na hili? Na kuna anayejua aina inayopatikana Dar ambayo bado ina ukanda?

Mama_wa_Tabata

Pole sana kaka. Nimesoma hadi machozi yamenilenga, maana nilidhani ni mimi peke yangu.

Kwangu waliloondoa ni ule mstari. Mama yangu alipata kiharusi, hasemi, upande mmoja haunyanyuki. Pampasi zake zilikuwa na mstari wa njano katikati, kwa nje, unaotoka mbele hadi nyuma. Akikojoa unageuka bluu. Usiku naamka, nafunua kanga kidogo, namulika kwa simu. Njano, namfunika, analala. Bluu imefika nusu, nasubiri. Bluu imefika nyuma, nambadilisha. Hakujua hata kama nimeingia.

Mzigo wa sasa hauna mstari. Inabidi nimgeuze, nifungue, nitie mkono. Mama yangu alikuwa mwalimu, watu mtaani bado wanamwita Mwalimu. Nikimfungua usiku anaamka, anageuza uso ukutani, na mkono wake mzima unashika kanga usiachie. Akikutwa mkavu ndiyo inaniuma zaidi, nimemwamsha na kumvunjia heshima bure. Na kama ulivyosema, nikifungua na gundi zinachana, basi hata kavu naitupa.

Mstari ule ni wino tu. Unawapunguzia nini wakiutoa?

Mzee_wa_Temeke

Wanangu, poleni. Sisi tulimuuguza marehemu baba kwa vitambaa vya kanga vilivyokunjwa na nailoni chini ya godoro. Tulifua, tukaanika, tukakunja tena. Hatukuwa na mstari wala ukanda, na alikufa bila kidonda mwilini. Nasema msije mkakata tamaa, kitambaa kipo.

Mama_wa_Tabata

Shikamoo mzee. Nashukuru. Mchana kitambaa natumia, hasa akiwa nje barazani. Ila nyumba yenu mlikuwa wangapi wa kufua? Mimi nipo na binti mmoja wa shule, maji bombani yanakuja kwa zamu, na asubuhi natakiwa niwe kazini. Kitambaa kinahitaji watu, mzee wangu, na watu ndio sina.

Mzee_wa_Temeke

Marahaba. Ni kweli mwanangu. Tulikuwa nyumba nzima, na dada zangu ndio walioibeba kazi ile. Nimekuelewa.

Duka_Msimbazi

Nauza vifaa vya hospitali Kariakoo, naomba niseme upande wetu.

Sisi wa dukani hatuambiwi. Muagizaji anaagiza kwa jina la bidhaa, saizi na idadi ya katoni. Hati za mzigo zinasema pampasi za watu wazima, uzito, thamani. Hamna mstari unaosema ukanda upo, kiashiria cha mkojo kipo, mpira wa kiuno wa nyuma upo. Kiwanda kikibadilisha, wa kwanza kujua ni mteja akiwa chooni kama mleta mada. Mimi nilijua baada ya wateja watatu wanne kurudisha pakiti zilizofunguliwa, na nilibaki nazo.

Kwa nini wanatoa: ndani ya pampasi kuna pamba inayotengenezwa kwa miti, jeli inayotengenezwa kwa mazao ya petroli, plastiki na gundi. Vyote hivyo bei inapanda na kushuka kwenye soko la dunia. Usafiri wa meli ulipanda vibaya 2021, halafu kuanzia mwishoni mwa 2023 meli nyingi za kutoka Ulaya na Uturuki zikaacha kupita Bahari ya Shamu, zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kiwanda kina njia tatu: kupandisha bei, kupunguza idadi kwenye pakiti, au kupunguza kilichomo. Mbili za kwanza mteja anaziona kabla hajatoa hela. Ya tatu anaiona akishafika nyumbani, ndiyo maana wanaipenda.

Dada wa Tabata, mstari nao una shida zake hapa kwetu. Ni dawa inayobadilika rangi ikiguswa na majimaji. Ghala likiwa na unyevu, na Dar unajua yenyewe, unakuta baadhi zimeanza kugeuka rangi hazijavaliwa. Wateja wanasema zimetumika. Sijui kama ndiyo sababu, ila malalamiko hayo nimeyapokea mimi mwenyewe. Pakiti ikishafunguliwa iwekeni kwenye ndoo yenye mfuniko, isikae bafuni.

Mkazi_Kimara

Asante mkuu, umenifungua macho. Basi kumbe namba ya bechi, yaani ya mkupuo wa kiwandani, ndiyo ya kuangalia. Pakiti ya zamani na mpya kwa nje ni mapacha.

Nesi_Mstaafu

Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nachangia la ngozi.

Ganda la nailoni lina faida moja: halipitishi kitu. Lakini halipitishi pia mvuke. Januari na Februari, joto na unyevu wa Dar, mtu aliyelala ndani ya nailoni kwa muda wa saa nane anachemka. Mkojo ukikaa unatoa amonia, ule uasidi kidogo ambao ndio kinga ya ngozi unaondoka, na kinyesi kikichanganyika humo vimeng'enya vyake vinaila ngozi. Mnaanza kuona wekundu kwenye kinena na makalio, kisha michubuko. Kwa hiyo viwanda vilipohamia ganda la kitambaa linalopumua, kwa wagonjwa wa kitandani ilikuwa hatua nzuri, na mimi siungi mkono kuirudisha nailoni kwa kila mtu.

Lakini ganda linalopumua na ukanda wa kubandikia havigombani hata kidogo. Zipo pampasi za ganda la kitambaa zenye kipande mbele kinachoshikwa na vindoano vidogo, unafungua na kufunga utakavyo. Akikuambia mtu kwamba ukanda umetolewa kwa ajili ya ngozi yako, usikubali.

Jingine ninaloliona sana: mafuta ya mgando yanapakwa kwa wingi, halafu mlalamikaji anasema pampasi haifyonzi. Mafuta yanaziba ule utando wa juu. Paka kidogo sana, ngozi ibaki inang'aa kwa mbali, au tumia krimu ya zinki kwa kiasi. Na vidole vikiwa na mafuta au poda usiguse gundi, haitashika tena.

Mleta mada, hiyo ratiba yako ya choo usiiache. Hata ikibidi uvae ya kuvuta siku za kukaa nyumbani kwenye sakafu kavu, iendeleze.

Mhandisi_wa_Ubungo

Nimeona tangazo la duka wanamimina jagi la maji ya bluu kwenye pampasi na yote yanaingia. Msinunue kwa kuona lile. Jeli ya ndani inafyonza maji matupu mara mia kadhaa ya uzito wake, lakini ikikutana na chumvi nguvu inashuka sana, inabaki kati ya mara 30 na 60 hivi. Mkojo una chumvi. Ndiyo maana kipimo cha kimataifa, ISO 11948-1 cha mwaka 1996, hakitumii maji ya bomba, kinatumia maji yenye chumvi asilimia 0.9.

Nyumbani mnaweza kufanya hivi. Lita moja ya maji, gramu 9 za chumvi, ambazo ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu, vya kusawazishwa. Pima pampasi kavu kwenye mizani ya jikoni, iloweke mpaka ishibe, iache ichuruzike dakika chache, pima tena. Tofauti ya gramu ndiyo ujazo, kwa mililita karibu sawa. Fanyeni kwa bechi ya zamani na mpya. Kama nayo imepungua mtakuwa na namba mkononi badala ya maneno.

Ila mjue namba hiyo haisemi pampasi itavuja lini mwilini. Mwilini huvuja mapema zaidi, kwa sababu mkojo unatoka kwa kasi, mtu amekaa au amelala ubavu, na zile kuta za mpira za ndani, zinazozuia mkojo usitokee mapajani, zinaweza zikawa hazikusimama. Pakiti inayojisifia mililita nyingi huku imeondolewa kuta za pembeni haina faida kwa mtu anayepanda daladala.

Dada_Mbagala

Mimi nataka niseme neno kwa dada zangu watakaopita humu kimya kimya. Kama ulianza kuvuja mkojo au haja kubwa mfululizo baada ya uzazi mgumu, uchungu wa siku nyingi, usikae unatafuta pampasi nzuri. Hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa, na inatibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wanaitibu, na matibabu ya fistula ni bure. Nilikaa na vitambaa na pampasi nikidhani nimerogwa. Leo sivai kitu. Msikae ndani.

Baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja. Kipindi kile navaa, ganda lile jipya la kitambaa lilikuwa likichakaa mapajani linatoa nyuzi nyuzi. Niliishia kuvaa kaptura ya baskeli juu yake.

Mkazi_Kimara

Dada, ubarikiwe kwa kusema. Moderata akiweza huu mchango aupandishe juu kabisa.

Kijana_Sinza

Kwa nini tusidai serikali itoe kodi kwanza? VAT asilimia 18 kwenye kitu ambacho mtu hawezi kuishi bila nacho ni kubwa.

Duka_Msimbazi

Wazo zuri ila kumbuka taulo za kike. VAT iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019, na sababu iliyotolewa bungeni ni kwamba bei kwa mlaji haikushuka. Kodi ikitoka bila kumfuatilia muuzaji, faida inaishia kwetu sisi wa katikati. Nasema ukweli ingawa mimi ni mfanyabiashara.

Mkazi_Kimara

Kodi ni mjadala wake, tuufungulie uzi. Hapa nataka tubaki kwenye hili la kubadilisha kitu kimyakimya. Bei ikipanda nitalalamika, lakini nitakuwa nimeambiwa. Hapa nimelipa bei ya pampasi yenye ukanda, kwa pakiti inayoniambia imeboreshwa, nikapewa isiyo nao. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo hapa hapa mjini kupokea malalamiko. Shirika la Viwango nalo lipo. Sitaki kiwanda kifungiwe, maana tukikosa kabisa ndiyo tumekwisha. Nataka lebo iseme. Waandike kwa Kiswahili nyuma ya pakiti: aina ya ganda, gundi inafunguka au haifunguki, mstari upo au haupo. Maneno kumi hayazidi. Sabuni ya unga inaandikwa mambo mengi kuliko hayo.

Na maduka yafungue moja ya mfano. Nguo unapimisha, kiatu unajaribu, hii inayokaa mwilini kwa muda wa saa kumi na mbili unauziwa ndani ya nailoni nzito, na ukiifungua hairudi.

Fundi_Ilala

Mimi ni fundi cherehani, mke wangu anavaa baada ya operesheni. Kaka wa Kimara jaribu hivi, sisi ndivyo tunavyofanya. Nunua selotepu pana ya kufungia maboksi, ile ya kung'aa. Kabla ya kuvaa tandaza pampasi kitandani, bandika selotepu mbele pale ukanda ulipokuwa, kutoka upande mmoja hadi mwingine, mistari miwili ikipandiana kidogo. Ikandamize kwa kiganja ishike. Gundi za pembeni zitue juu ya selotepu. Kingo za selotepu zisiguse ngozi, zinakata, kwa hiyo acha nafasi ya vidole viwili juu.

Inakubali kwa ganda la nailoni. Kwa ganda la kitambaa haishiki, inachomoka na manyoya. Hapo nilimshonea kaptura ya pamba yenye velkro pembeni kote kuwili, inafunguka bila kuvua suruali hadi chini, na ndani anaweka pedi ndefu isiyo na gundi za pembeni. Kitambaa chukua cha pamba chenye kuvutika, kisiwe cha nailoni.

Mama_wa_Tabata

Fundi, hiyo kaptura unaweza kushona kwa mgonjwa wa kitandani? Velkro isije ikamchoma.

Fundi_Ilala

Inawezekana dada. Kwa mgonjwa wa kulala upande laini wa velkro ndio ukae kwa ndani, na nisogeze mshono uje mbele badala ya nyongani, asiulalie. Nipe kipimo cha nyonga na cha paja, nitumie inbox.

Mkazi_Kimara

Nimerudi na mrejesho. Selotepu imekubali. Nimefungua na kufunga kazini, ganda halikuchanika. Inatoa sauti kidogo ukitembea ofisi ikiwa kimya, na inaongeza kazi ya asubuhi, lakini ratiba yangu ya choo imerudi. Fundi, Mungu akuzidishie.

Sasa nimeanza kuandika barua kwa muagizaji, nakala kwa Tume ya Ushindani. Mkuu wa Msimbazi amekubali kuifikisha kwa muagizaji mwenyewe akienda kuchukua mzigo. Ninachohitaji kwenu ni picha za nyuma ya pakiti, panapoonyesha namba ya bechi na tarehe ya kutengenezwa, za zenye ukanda au mstari na za zisizo navyo. Aina yoyote. Msipige picha ya mgonjwa wala ya chumba, pakiti tu. Tumeni inbox, majina yenu hayatatoka.

Mama_wa_Tabata

Ninayo moja ya zamani, niliiweka akiba kwa siku ya kumpeleka kliniki. Nakutumia usiku huu nikishamlaza.

Nesi_Mstaafu

Kwenye barua ongeza na mpira wa kiuno wa nyuma. Nao umeanza kupotea, na kwa mgonjwa anayelala chali mkojo hupandia huko huko mgongoni.

Mkazi_Kimara

Nimeuongeza, mama.